Nukta Tatu Chini ya Lami

Gari la kununuliwa huwa naliamkia kabla ya mwenyewe. Naenda moja kwa moja, naweka kiganja juu ya boneti, ndipo namgeukia mwenye gari na kumpa salamu yake. Watu huona sina adabu. Shauri yao. Boneti ikiwa ya moto, ujue injini imeshapashwa asubuhi ili isije ikakohoa mbele yako, na hapo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Siku ile boneti ilikuwa baridi. Mwenye pikapu, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisimama mlangoni kwake akingoja nimalize ukorofi wangu. Mdogo wangu, dada anayenifuata, akamwomba radhi kwa niaba yangu. Amezoea.

Lilikuwa gari la tano mwezi ule. Manne nilikuwa nimeyakataa, na kila moja lilinilaza chali kwenye changarawe nusu siku, kwa magoti haya yaliyokwisha. Nilikuwa nimechoka na magari, na mdogo wangu pia nilikuwa nimemchoka, Mungu anisamehe. Njiani aliniuliza kama nangoja gari nitakalolizaa mwenyewe. Yeye alikuwa amechoka zaidi. Anakodisha viti kwa wenye shughuli, viti mia mbili vya chuma nilivyomchomelea mimi, na miaka yote amebebewa na magari ya watu. Wakipenda wanakuja, wasipopenda wageni wa harusi wanasimama. Sasa mafao ya kazi yake ya zamani yalikuwa yametoka, nayo yalitosha gari moja tu. Akikosea, hakuna la pili. Ndiyo maana hakuwa analiangalia gari, alikuwa ananiangalia mimi usoni.

Nikakagua. Kifuniko cha oili hakikuwa na utandu mweupe, maana yake maji hayajaingia kwenye injini. Stata ilishika mara moja. Nikaziba ekzosi kwa kitambaa cheupe, kikatoka kikavu, hakina doa la oili. Tukazunguka mtaa sote watatu tumebanana mbele, gia zikaingia bila ugomvi. Ila nikilegeza usukani, gari linavuta kushoto. Mwalimu akasema ndivyo lilivyo tangu alinunue miaka sita iliyopita, na kila mwaka anabadilisha matairi wala halisikii. Alilisema mwenyewe, bila kuulizwa. Watu wa namna hiyo hawajui kuuza gari.

Tuliporudi, mdogo wangu alikuwa ameshalipenda. Nilijua kwa jinsi alivyoufunga mlango taratibu, kama wa kwake. Mimi ule mvuto wa kushoto ulikuwa umenikaa rohoni: kama si matairi, basi ni chuma. Nikaomba boksi, nikalitandika chini, nikaingia uvunguni.

Chesisi, ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba gari zima, ilikuwa imepakwa lami nyeusi. Nyuma ya kebini lami ilikuwa nene kuliko kwingine. Nikaikwangua kwa bisibisi. Chini yake palikuwa na kiraka cha kuchomelea, kimesagwa kikalainika, na kando yake nukta tatu ndogo za chuma, zimepangwa mstari.

Alama yangu. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akisema fundi asiye na alama hana aibu, basi kila kazi niliyoimaliza nimeiwekea nukta tatu. Hata ile. Miaka saba nyuma dalali mmoja aliniletea pikapu iliyopinduka, chesisi imepasuka. Alitaka ufa usionekane, gari lisimame mpaka liuzike. Nilimwambia litapasuka tena likibebeshwa mzigo. Akasema hilo la mnunuzi. Nikachomelea, nikaweka nukta kwa mazoea, nikapaka lami. Wakati ule lilikuwa la kijani, ndiyo maana sikulitambua.

Kando ya nukta ufa mpya ulikuwa umeshaanza, mwembamba kama unywele, unatoa kutu. Mwalimu alikuwa akibebea vitabu na magunia mawili matatu. Kwa viti mia mbili na wapakiaji waliokaa juu yake, ungefunguka barabarani.

Nilikaa uvunguni muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Niseme kweli, nilikuwa natafuta uongo. Nikatoka, nikajipangusa, nikamwambia mdogo wangu twende, hili halifai.

Akauliza lina nini. Nikasema chesisi. Akauliza chesisi imefanyaje. Nikamwambia fundi ni mimi. Basi akakaa kwenye ngazi ya mwalimu, mkoba mapajani.

"Kaka, yale manne uliniambia ubovu wake mpaka nikauelewa. Hili usiponiambia, nalinunua."

Na angelinunua. Tumetoka tumbo moja, ukaidi wake naujua. Nikampa tochi, nikamwonyesha boksi.

Aliingia na gauni lake la kutokea. Nikasikia vidole vyake vikipita kwenye chuma, kisha vikasimama. Vile viti huvifuta kila wiki, kimoja kimoja. Zile nukta anazijua kuliko mimi. Alipotoka alikuwa na lami shavuni.

"Ni zako," akasema.

Nikakubali. Nikaeleza yote, dalali, lami, na lile neno lake kwamba hilo la mnunuzi. Mnunuzi mwenyewe, mwalimu, alikuwa amesimama palepale, amevua miwani anaifuta. Alisema tu kwamba mjukuu wake hupenda kupanda nyuma. Sijawahi kuona aibu namna ile. Nikamwambia nitaitoa chesisi ile na kumwekea nyingine, kwa jasho langu mwenyewe. Akavaa miwani, akachukua tochi, akainama kutazama uvunguni.

Mchuma janga hula na wa kwao. Utotoni tulikuwa tukiisema methali hiyo kwa kucheka. Njia nzima ya kurudi mdogo wangu alitangulia hatua mbili mbele, nami nikadhani analililia gari.

Jioni nikapita kwake. Alikuwa uani, amepindua kiti mapajani, anakwangua rangi kwenye kiungo kwa kisu cha jikoni. Aliniona, wala hakuacha.

"Na hivi, kaka, chini ya rangi vina nini?"

Vilikuwa vizima. Kila kiungo nilikichomelea kama nachomelea kitanda cha mama yetu. Nikafungua mdomo nimwambie, nikaona neno langu halina tena kazi pale. Nikaingia jikoni, nikachukua kisu kingine, nikavuta kiti cha pili.