Safu Iliyonyooka

Sindano ilikikosa kitundu mara ya tatu. Obeid aliishusha kofia mapajani, akaifuta mikono kwenye kikoi, akavitazama vidole vyake kama mtu anayengoja watoto wamalize kugombana. Vilipotulia kidogo alijaribu tena, na safari hii sindano ikapita. Akauvuta uzi, akauzungusha ukingoni, akauvuta tena. Mara nane kwa kila kitundu, na kitundu chenyewe si kikubwa kuliko punje ya mtama. Kila safu ilikuwa na vitundu mia na arubaini, na safu zilikuwa kumi na mbili. Alikuwa kwenye ya mwisho, amefika nusu.

Alikuwa ameketi dakani, ukumbi wa mlangoni, kwa dada yake Mahfudha, mtaani Langoni, mgongo ukutani, mguu wa kulia ukicheza peke yake. Tangu asubuhi alikuwa akiukataza na haukumsikia. Jasho lilimtoka ilhali kivulini palikuwa baridi, miayo ikamjia mitatu mitatu, macho yakatoa machozi bila huzuni. Hiyo ilikuwa arosto, maumivu ya kukosa dawa za kulevya, ile inayoondoka. Ile inayoingia ilimlaza Jumatatu na Jumanne kwenye mkeka wa ndani, magoti kifuani, akiomba afunikwe na papo hapo afunuliwe.

Leo ilikuwa Alhamisi, siku ya sita bila kuvuta unga. Obeid alizijua siku hizi kama mtu anavyozijua ngazi za kwao gizani. Mara tatu alikuwa ameacha akiwa papa hapa nyumbani, na mara zote tatu aliifikia siku ya tisa, mwili umepata nafuu, amekula, amecheka, na jioni akatoka kwenda kununua sigara moja. Hakuwahi kurudi na sigara tu. Kwa hiyo siku ya tisa safari hii ilikuwa lazima imkute mahali pengine.

Kupata hapo mahali pengine kulimchukua Mahfudha miezi miwili. Kituo cha kwanza alichopigia simu kilitaja bei, naye akashukuru na kukata. Cha pili kilikuwa cha bure, lakini orodha ya wanaongoja ilikuwa ndefu hata aliyepokea simu aliona haya kuitaja. Cha tatu simu yake haikupokelewa hadi leo. Mwishowe muuguzi mmoja kutoka bara, jina lake Wangu, aliyekuwa mteja wake wa mikate ya mofa, aliandika nambari nyuma ya bahasha ya dawa akamwambia ajaribu huko, ni nyumba ndogo nje ya Malindi, si ya fahari lakini watu hutoka wakiwa wazima. Aliyepokea aliitwa Patroba. Alisema naye aliwahi kulala kwenye vitanda vile vile, miaka tisa iliyopita. Matibabu ni miezi mitatu, kila mwezi na malipo yake. Kianzio ni elfu kumi, mgonjwa aje mwenyewe kwa hiari yake, asije amefungwa kamba.

"Lakini kitanda hakingoji mtu, dada," alisema. "Jumamosi saa kumi, kianzio kikiwa hakijaingia, nampigia wa pili kwenye orodha."

Elfu kumi Mahfudha hakuwa nazo. Bangili yake ilikwisha kwenda mwaka jana, kwa jaribio la pili. Kilichokuwako nyumbani chenye thamani kilikuwa ni hii kofia, iliyoagizwa na Bi Shifaa kwa harusi ya mjukuu wake Nabhan. Salio lake ni elfu kumi na tano, kofia ikiisha. Ikiisha kesho jioni, Jumamosi alfajiri Obeid yumo botini, anavuka kwenda Malindi.

Upande wa pili wa kichochoro, kwenye baraza yake, Bwana Hamdun alikuwa amekaa na gazeti la juzi. Alikuwa fundi saa aliyekosa saa za kutengeneza, akabakiwa na muda.

"Obeid," aliita bila kuinua kichwa. "Mwenye kofia yuko hai bado?"

"Yuko, Bwana Hamdun."

"Alhamdulillahi. Maana kwa mwendo huo ataivaa akiozesha wajukuu."

Obeid alitabasamu, na tabasamu likamsaidia kupata kitundu kilichofuata. Hamdun akakunja gazeti. Akauliza kwa nini Mahfudha hasaidii, na yeye alifunzwa na mama yule yule. Kisha akajijibu mwenyewe kwamba haifai, kofia ya bwana harusi haipiti mikono miwili. Ikipita mikono miwili huleta wake wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa kujuta. Akacheka peke yake. Obeid aliinamisha kichwa.

Kwa kuwa mikono miwili ilikwisha kupita. Jumatano alipoweza kuketi na kuomba kofia yake, aliikuta na safu moja zaidi. Safu ya kumi alikuwa ameishona mwenyewe siku mbili za kwanza, kabla arosto haijambwaga, nayo ilipanda na kushuka kama njia ya siafu. Ya kumi na moja, ambayo hakuigusa, ilikuwa imezunguka kofia nzima kwa unyofu, vitundu vyote sawa. Mahfudha alikuwa jikoni, macho mekundu, akipiga donge la unga wa mofa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Obeid alianza safu ya kumi na mbili.

Mluzi ulipita mwisho wa kichochoro, mfupi, kisha mrefu. Alikuwa Ammar, aliyekuwa akimuuzia unga. Hakuita jina, hakusimama. Alipita tu akapiga mluzi, kama afanyavyo mwenye kuuza maji. Mguu wa Obeid ulitua, ukakaa kimya kabisa, na huo ukimya ndio uliomtisha. Alijichoma sindano kidoleni akautazama ule utone wa damu, akaupangusa mbali na kitambaa. Mguu ukaanza kucheza tena. Afadhali.

Baada ya alasiri alikuja Bi Shifaa. Alikuwa mwanamke mfupi, buibui limefifia mabegani, miwani imefungwa kwa uzi. Marehemu mumewe aliuza kofia miaka arubaini, na yeye ndiye aliyekuwa akizikagua. Mafundi walimwogopa yeye, si mume. Mahfudha alitoka kumkaribisha ndani, Bi Shifaa akasema hakuja kukaa, amekuja kuona, kwani amesikia Obeid alikuwa hajiwezi. Akanyoosha mkono. Mahfudha akarudi nyuma ya pazia.

Bi Shifaa aliielekeza kofia kwenye mwanga. Aliizungusha polepole, kidole cha shahada kikipita juu ya safu moja baada ya nyingine. Kwa safu tisa hakusema neno. Kisha kidole kikasimama.

"Hii ya kumi si wewe," alisema. Kidole kikaruka. "Hii ya kumi na moya ndiyo wewe. Tazama ilivyonyooka. Na hii ya mwisho ni yule yule mwingine tena." Akamtazama juu ya miwani. "Kofia ya mjukuu wangu umempa nani?"

Kule barazani gazeti la Hamdun lilishuka.

Obeid aliona jinsi jambo lilivyokuwa jepesi. Angesema: nisamehe, nilimpa kijana mmoja anayejifunza, nitazifumua zote mbili. Mahfudha angezishona leo na kesho kwa ule mkono ulionyooka, Bi Shifaa angelipa, bwana harusi angevaa, na hakuna ambaye angejua. Kwa ajili ya shilingi mia mbili alikwisha kusema uongo mkubwa kuliko huo, tena akiapa.

"Umegeuza, Bi Shifaa," alisema. "Zilizopinda ni zangu. Iliyonyooka ni ya Mahfudha."

"Nyosha mikono," alisema Bi Shifaa.

Akainyoosha. Ilitetemeka mbele yake, yote miwili, na hakuweza kuizuia wala hakujaribu. Bi Shifaa aliitazama kwa muda mrefu, bila huruma na bila karaha, kama alivyokuwa akitazama kitambaa kabla ya kusema bei.

"Siku ngapi?"

"Sita."

"Na safu hizi mbili umezishona kwa mikono hii?"

"Ndiyo."

Alimrudishia kofia. "Fumua iliyonyooka."

Pazia lilifunguka. Mahfudha alitoka mikono imejaa unga, akasema kwa sauti ya chini iliyokuwa ikipanda kwamba hiyo ndiyo safu nzuri, hiyo ndiyo inayofanana na zile tisa, akifumua hiyo kofia haiishi kesho, na isipoisha kesho kuna kitanda kitapotea. Maneno yalimtoka yote kwa mkupuo, pamoja na Patroba, elfu kumi na Jumamosi saa kumi. Bi Shifaa alimngoja amalize.

"Naiona ni nzuri. Nina mato. Lakini niliagiza mkono mmoya, na mkono mmoya una siku zake, njema na mbovu." Akageuza kichwa kuelekea barazani. "Na Nabhan ana mchumba mmoya tu, Hamdun, na huyo mmoya ameshamshinda kabla ya harusi. Sitaki wa pili."

Hamdun alicheka kwa shukrani ya mtu aliyepewa ruhusa ya kupumua.

Kisha Bi Shifaa alisema harusi ni Rajabu, bado miezi mitano, hakuna anayemfukuza mtu. Akaomba nambari ya huyo wa Malindi. Atatuma elfu kumi yeye mwenyewe, leo, kwa simu yake. Elfu tano zitabaki hadi aione kofia imekwisha.

"Pesa sizitii mkononi mwako, Obeid. Usinichukie."

"Hata mimi nisingezitia, Bi Shifaa."

Alikaa mwishoni mwa daka akazibonyeza nambari moja moja, akizisoma kwa sauti kutoka kwenye bahasha ya dawa, na Mahfudha akimsahihisha. Ujumbe ulipoingia alimwonyesha Mahfudha, si Obeid. Akasimama, akajifunika, akaenda zake bila kuaga sana.

Mahfudha alimpigia Patroba papo hapo. Patroba alikuwa ameshaziona pesa. Akamsomea vitu vya kuja navyo: shuka mbili, sabuni, ndara, kitambulisho. Mkanda hapana, wembe hapana, sindano hapana.

"Ni ya kushonea kofia," alisema Mahfudha. "Ana kofia ya watu."

Kwa mbali simuni zilisikika sufuria na mtu akiimba vibaya. Kisha Patroba akasema sindano itakaa kwake ofisini. Kila siku baada ya chakula cha mchana Obeid ataijia, atashona mbele yake, atairudisha. Akisahau kuirudisha siku moja, kofia itamngoja nje ya geti. Mahfudha akauliza kuhusu mwezi wa pili na wa tatu. Patroba akasema hayo watayazungumza. Mahfudha alirudia neno hilo baada ya kukata simu, "tutayazungumza," kama mtu anayeonja kitu kuona kama kina chumvi.

Obeid alikuwa ameanza. Kufumua kazi ya dada yake kulikuwa kugumu kuliko kushona. Kila mshono aliuingizia ncha ya sindano chini yake, akauinua, akaulegeza. Na mishono ya Mahfudha ilikuwa imekazwa kama mtu aliyefunga mlango usiku wa upepo. Uzi ulitoka umejikunjakunja. Mahfudha alikaa karibu yake, unga umekauka vidoleni, akaushika ule uzi uliotoka akawa anauzungushia kijiti cha kiberiti, kwa kuwa ni uzi mzuri na hautupwi.

"Ulishona saa ngapi yote haya?" Obeid aliuliza.

"Ulipokuwa ukilala."

"Sikulala."

"Basi ulipokuwa ukilia."

Hamdun alikunja gazeti lake akaingia kutawadha. Vivuli viliujaza mtaa.

Mluzi ukaja tena, mfupi, kisha mrefu, safari hii karibu zaidi, kwenye kona ya duka. Mguu wa Obeid ulitua. Mkono wake ulisimama, sindano hewani. Mahfudha hakumtazama. Aliuvuta tu uzi kidogo upande wake, kama mtu anayedai zaidi, na Obeid akalazimika kuinama na kumfungulia mshono mwingine, kisha mwingine. Hatua zilikaa pale konani, zikakaa, zikaondoka. Mguu ukarudi kucheza.

Adhana ya magharibi ilipoanza alikuwa amefumua vitundu arubaini na kimoja. Vilibaki tisini na tisa, na baada ya hivyo kuvishona vyote upya, na nusu ya safu ya mwisho. Aliiinua kofia kwenye mwanga uliosalia. Ambapo uzi ulikuwa umetoka, kitambaa kilikwisha kuanza kujifumba. Vitundu vya mwanzo havikuonekana tena ila kwa mwenye kujua vilipo.

Mahfudha alimwambia aache, ataendelea kesho. Alikata uzi kwa meno, akakiweka kile kijiti ndani ya kisanduku cha kiberiti.

Obeid alipitisha sindano katika kitundu cha arubaini na moja, akaiacha humo humo katikati, nusu ndani na nusu nje, kisije nacho kikajifumba usiku, akaitundika kofia kwenye msumari wa ukutani, akaingia ndani kutafuta maji ya kutawadha.