Vidole Kwenye Shaba

Baba mdogo alikuwa amekwisha kukata ndimu. Majivu yalikuwa kwenye kisahani, na tarumbeta ya jeshi ya marehemu babu ilikuwa mapajani mwake.

"Shaba isiyong'aa ni aibu ya kikosi," alisema. Alistaafu akiwa sajenti, ila cheo chenyewe kilikataa kustaafu.

"Baba mdogo, ngoja kwanza," nilisema, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida. Chuoni nilisomea utunzaji wa vyuma vya kale. Nyumbani waliita kusomea kutu.

"Daktari wa kutu ana neno!" Shangazi alicheka. "Sema basi, ndimu isije ikakauka."

Bibi alikaa kitini. Alichotaka ni kimoja tu: kuisikia tena tarumbeta ya mumewe, masikio yangali yanamtii.

Baba mdogo akachovya kitambaa. Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nilifunika shaba kwa kiganja, majivu yakaniparuza vidole.

"Hapana!"

Wote wakanigeukia.

"Tazama hapa pa kushikia. Kote kumeiva weusi, isipokuwa haya madoa ya manjano. Ni vidole vya babu vilivyosugua. Kidole, pengo, kidole, kidole."

Bibi akainua uso. "Cha kati kilikatwa na mlango wa lori," alisema taratibu. "Nilimkuta hivyo."

Baba mdogo alikitazama kitambaa chake kama mtu aliyeponea chupuchupu. "Sasa je? Mama anataka kuisikia, si kuitazama."

"Uchafu wa kuondoa uko ndani. Nje tuache."

Tukamimina maji ya uvuguvugu yenye sabuni, tukapitisha kamba yenye kitambaa. Likatoka tope la kijani, kisha kiota kizima cha nyigu.

"Kumbe tuna wapangaji!" alisema Shangazi.

Baba mdogo akapuliza. Ikalia kama ng'ombe mwenye mafua. Tulicheka hadi machozi. Akapangusa midomo, akaweka vidole juu ya vile vya baba yake, cha kati akakikunja, akapuliza tena.

Safari hii sauti ilitoka nzima. Ilijaza chumba, ikatikisa vikombe kabatini, ikamiminika barabarani. Bibi alisimama bila kushikwa mkono.

"Ndiyo yeye!" alisema. "Tena!"

"Kuna nini huko?" jirani akauliza kwa kelele kutoka ng'ambo ya ukuta.

Nilisukuma dirisha, nikajibu kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa mtaa:

"Ni babu yangu! Njooni msikilize!"