Siku Moja Nyuma

Kitsao wa Kambi alikuwa mtu wa kujisifu kidogo, na kusema kweli alikuwa na cha kujisifia. Peke yake, katika chumba cha kupanga pale Kibarani, chenye feni moja na dirisha linalotazama kuku wa jirani, alikuwa ametengeneza programu ya simu iliyopakuliwa na watu elfu kumi na moja. Hakuwa na kampuni wala mkubwa wa kumwuliza. Aliyeiandika ni yeye, aliyeijaribu ni yeye, aliyejibu malalamiko ni yeye, na pongezi zikija, mpokeaji alikuwa yeye vilevile. Mwikali tu, msichana wa Kitui aliyechangia naye chumba hicho, ndiye aliyemchorea picha na kumchagulia rangi.

Programu yenyewe aliiita Siku Zehu, yaani "siku zetu" kwa Kigiriama. Kazi yake ilikuwa kuhesabu juma la Wagiriama, lile la siku nne, ambalo siku yake ya nne ni Jumwa. Siku ya Jumwa jembe hupumzika. Wazee wanaoshika desturi hawalimi siku hiyo, na shughuli nyingine pia huisubiri ipite. Vijana wengi walikwisha kulisahau juma hilo, wakabaki na Jumatatu na Jumanne kama watu wengine wote. Basi Kitsao akawarudishia simuni: unafungua, unaambiwa leo ni siku ya ngapi na Jumwa ni lini.

Hesabu hiyo aliipata kwa shangazi yake Kahaso, dada wa baba yake, aliyeolewa kule Jilore. Kahaso alifunzwa na baba yake, mzee Kitsao, na kwa kuwa kijana alirithi jina la babu yake, kama ilivyo desturi, shangazi hakupata kumwita Kitsao hata siku moja. Alimwita "baba", na alimtania kwa jina hilo, akimwomba ruhusa ya kwenda kucheza. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, Kahaso aliitaja siku kwa sauti. Alianza akiwa msichana mdogo, na hakuruka hata moja: si alipokuwa mwali, si alipokuwa na uchungu wa uzazi, si alipozika mume. Kitsao alikaa naye siku tatu, akaandika kila kitu, akarudi Kibarani akaigeuza hesabu ile kuwa msimbo wa kompyuta. Mwanzoni mwa programu aliweka maneno ya kumshukuru.

Mwezi Oktoba, asubuhi moja ya kawaida, uliingia ujumbe kutoka kwa mtumiaji mmoja wa Watamu, dada aitwaye Priscilla. Aliandika kwa adabu kwamba nyanyake na simu yake wamepishana siku moja, naye hataki ugomvi nyumbani, je, yupi aaminiwe? Kitsao alitabasamu. Alikuwa na jibu tayari kwa watu wa namna hiyo, jibu la upole linalosema kwamba wazee wetu ni hazina lakini umri nao ni umri. Alikuwa karibu kulituma, kisha kwa sababu tu chai yake ilikuwa bado moto, akaamua kuangalia kwanza.

Hakuchukua hata dakika kumi. Mwezi wa Februari aliuandikia siku ishirini na nane, basi. Zipo njia nyingi za kuhesabu tarehe ambazo mafundi wa dunia nzima huzitumia bila kufikiri, lakini bwana huyu alitaka ya kwake, ya mkono wake, ili aseme kila kitu amekijenga mwenyewe. Na Februari ya mwaka jana ilikuwa na siku ishirini na tisa. Tangu Machi ya mwaka jana, Siku Zehu ilikuwa siku moja nyuma. Simu elfu kumi na moja zilikuwa zikiita Jumwa siku ambayo Jumwa ilikwisha pita, na kwa mwaka mmoja na miezi saba hakuna aliyeona, kwa kuwa wenye simu hawakuijua hesabu, na wenye hesabu hawakuwa na simu.

Chai ikapoa. Kitsao alikuwa amemkumbuka shangazi yake.

Ilikuwa Aprili ya mwaka jana, mvua za kupanda zimeanza. Karisa, mtoto wa Kahaso, alikuwa amekusanya watu kumi wa kumlimia, na mama yake akasimama mlangoni akakataa asitoke mtu na jembe, leo ni Jumwa. Karisa akafungua simu. Simu ikasema Jumwa ni kesho. Ndipo akampigia binamu yake Kibarani amwulize: nani mkweli? Na Kitsao, ambaye asubuhi ile alikuwa akijiandaa kwenda kupokea cheti cha kijana mbunifu, alicheka. Maneno yake aliyakumbuka yote. "Kaka Karisa, kompyuta haisahau. Shangazi amekuwa mtu mzima, mvumilieni tu."

Wakamvumilia. Wakalima. Kisha zikaja siku nyingine ambazo mama alisema hivi na simu ikasema vile, na kila mara simu ikashinda. Mwisho wake wakampeleka kwa daktari Malindi, akapewa vitamini na kuambiwa ni umri. Wakamtoa nyumbani kwake, wakampa chumba katika nyumba ya Karisa ili atazamwe, na nyumba yake ikawa ghala la mahindi. Akanyang'anywa kiberiti asije akajiunguza, kisha jembe. Habari hizi Kitsao alizipata moja moja, kwa simu, na kila mara alisema pole. Mara moja alituma kanga.

Sasa alijua. Na alifanya nini? Alirekebisha mstari mmoja, akatoa toleo jipya, na mahali pa kueleza kilichobadilika akaandika: "Marekebisho madogo ya kiufundi." Akamjibu Priscilla kwamba asasishe programu, ahsante kwa ushirikiano. Mtu mmoja aliuliza mbona Jumwa imesogea, hakumjibu. Wiki tatu zikapita akila bila kusikia ladha. Alijiambia kwamba jambo limekwisha, kwamba kumwambia shangazi kutamsumbua bure, kwamba pengine kweli alikuwa amezeeka. Hili la mwisho alilipenda sana, na alijichukia kila alipolipenda.

Mwikali ndiye aliyemgundua. Aliuona mstari ule uliobadilishwa, akasoma tarehe, akageuza kiti.

"Yule mliyesema amezeeka, hajui siku, si ndiye shangazi wa maneno ya shukrani?"

"Ndiye."

"Umemwambia?"

Kitsao alisema anatafuta nafasi nzuri. Mwikali akamtazama mpaka akaona haya, kisha akamwambia, "Nafasi nzuri unaitafutia wewe. Yeye hana anachongoja, kwa sababu hajui kama kuna cha kungoja." Akarudi kwenye rangi zake. Kesho yake Kitsao alikwenda Malindi, akachukua pikipiki hadi Jilore, na njia nzima alikuwa akitunga namna ya kusema ambayo ingemfanya aonekane mwungwana.

Karisa alimpokea uani, akampa kigoda. Kitsao akaona amalizane naye kwanza. Pengine itakuwa rahisi. Akamweleza yote: Februari, ile siku iliyorukwa, na kwamba mama alikuwa sawa siku zote. Karisa alisikiliza huku mdomo umefunguka kidogo. Alikuwa mtu mpole, mkulima hodari, na mama yake alimpenda kwa dhati. Ndiyo maana uso wake uliharibika namna ile.

"Usimwambie," akasema kwa sauti ya chini.

"Kaka..."

"Nisikilize, ndugu yangu. Mimi ndiye niliyemtoa kwake. Mke wangu Gladys anamfungia mlango tukienda shamba. Watoto wanamcheka. Amekwisha kuzoea, hata hasemi tena mambo ya siku. Ukimwambia leo, mimi kesho nitamwamkia vipi?"

Kitsao alitamani kukubali. Tulisema kweli tangu mwanzo, tusimpambe sasa: alitamani sana. Mwenye mama mwenyewe amekataa, nani angemlaumu? Angeweza kunywa uji, kumsabahi shangazi, na kurudi Kibarani na ruhusa mfukoni. Lakini mlango wa chumba ulifunguliwa, na Kahaso akatoka amejitanda kanga ile ile aliyotumiwa. Alikuwa amepungua. Alisimama kizingitini, akamtazama mwanawe kwanza kama anaruhusiwa kutoka, na hilo ndilo lililommaliza Kitsao.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekuja kututazama?"

Akamsaidia kuketi mkekani. Maneno yote aliyotunga njiani yalimtoka. Alisema tu, "Shangazi, nimekukosea. Ile hesabu uliyonipa, niliiharibu mimi. Simu ilikuwa siku moja nyuma tangu Machi ya mwaka jana. Wewe hukusahau kitu."

Kahaso hakushtuka. Alinyoosha miguu, akaondoa uzi uliokuwa umenasa kwenye kanga, akaukunja kidoleni. Karisa alikuwa amesimama, amewapa mgongo.

"Siku ya wale walimaji kumi," Kahaso akauliza.

"Ilikuwa Jumwa, shangazi. Ulikuwa sawa."

"Siku walipokuja wageni wa posa ya Emily, nikasema waje kesho yake."

Emily alikuwa binti mkubwa wa Karisa. Kitsao akatoa simu, akahesabu. "Ulikuwa sawa."

"Siku niliyowagombeza watoto kwenye mihogo. Gladys akasema nina wazimu."

"Ulikuwa sawa."

Akaendelea. Alikuwa nazo zote, moja baada ya nyingine, siku kumi na nne, na kila moja aliitaja na mahali pake, na hali ya hewa ya siku hiyo, na nani alicheka. Mtu aliyesemwa kwamba hana kumbukumbu! Kwa kila moja alingoja jibu, na hakukubali Kitsao aseme "zote" kwa mkupuo. Alitaka moja moja. Ilipofika ya kumi hivi, Karisa alitembea hadi nyuma ya ghala, na huko wakamsikia akipenga kamasi.

"Na ile siku ya kwanza nilikusikia," Kahaso akasema. "Karisa alikuwa ameiweka simu sauti ya wote. Watu kumi walikuwepo. Ulicheka."

Kitsao alikuwa hajui hilo. Akaona kwamba kumbe wiki tatu zile alikuwa akijutia kosa la hesabu tu, kosa ambalo mtu yeyote angeweza kufanya, na hakupata kukigusa kicheko.

"Nilicheka," akasema. "Nisamehe."

Kahaso hakusema amesamehe, wala hakusema hakusamehe. Aliuliza, "Hicho kitu chako kiko kwa watu wangapi?"

"Elfu kumi na moja."

"Na hao wana mama zao?"

Kitsao akainamisha kichwa. Akaichukua simu, na pale pale mkekani, shangazi akimtazama vidole, akafuta yale maneno ya marekebisho madogo ya kiufundi na kuandika mengine. Aliandika kwamba kosa lilikuwa lake, tangu mwezi gani hadi mwezi gani, na kwamba kama kuna mzee katika nyumba yoyote aliyebishana na programu hii, mzee huyo alikuwa sawa, na aendewe leo aambiwe. Akamsomea. Kahaso akamwomba asome tena ile sehemu ya aendewe leo. Kisha akatikisa kichwa kukubali, na Kitsao akayatuma.

Karisa alirudi macho mekundu, akapiga magoti mbele ya mama yake, akasema kesho ataanza kuhamisha mahindi. Mama akamgusa bega, akamwambia ayahamishe polepole, yasije yakapata unyevu. Akaombwa radhi tena, akasema haya. Gladys akaleta uji. Kitsao alianza kupumua, na aliwaza, tena kwa haraka mno, kwamba mambo yamekwenda vizuri kuliko alivyoogopa.

"Basi kuanzia kesho utakuwa unatutajia siku tena, shangazi," akasema kwa uchangamfu. "Hata programu nitakuwa naisahihisha kwako."

Kahaso aliweka kikombe chini.

"Nitataja ipi, baba?" akauliza. "Niliacha. Mliposema nimepotea, nikasema labda ni kweli, nikaacha kuhesabu. Ni miezi minane sasa. Leo ukiniuliza ni siku gani, sijui."

Gladys alitazama uji.

"Nilipewa na baba yangu mkononi," akaendelea, bila hasira, na ingekuwa nafuu kama angekuwa na hasira. "Haikuwahi kudondoka. Sasa sina pengine pa kuiokota ila kwako. Niambie, leo ni siku gani?"

Kitsao akaifungua Siku Zehu. Akasoma, akafunga, akafungua tena akahakikisha, akahesabu kwa vidole kutoka siku ya walimaji kumi hadi leo, akapotea katikati, akaanza upya. Wote walikuwa wakimngoja.

"Leo ni ya pili, shangazi. Jumwa ni kesho kutwa."

"Ya pili," Kahaso akarudia. Akaisema tena polepole, midomo ikifuata neno kwa uangalifu wa mtu anayefunzwa kitu kwa mara ya kwanza. Kisha akamtazama usoni. "Una hakika, baba?"

Kitsao alisema ndiyo, na sauti yake mwenyewe hakuiamini.