Kumi ya Jirani

Mikono sita juu, mikono sita mezani, na watu wote kumi na wawili wananitazama mimi.

"Haya, mwenyekiti," alisema Shauna Dockter, mwalimu kijana kutoka Fargo. "Imebaki kura yako."

Ilikuwa Julai ya 2004, katika hoteli moja ya Bismarck, siku ya nne ya kupitia upya viwango vya hisabati vya jimbo letu, yaani yale ambayo kila mtoto wa Dakota Kaskazini anapaswa kuyajua kabla hajavuka darasa. Tulikuwa tumekwisha kupita sehemu, pembe na grafu bila mtu kupandisha sauti. Tukaja kukwama darasa la pili, kwenye kutoa, kwenye neno moja tu: kuazima. Shauna alitaka lifutwe, liandikwe "kuvunja kumi".

"Jamani, kitu usichokirudisha hukukiazima," alisema. "Umekichukua tu."

"Binti, umeanza kufundisha lini wewe?" akauliza Bi Ottilia Wanner.

"Huu mwaka wa sita."

"Mimi nina koti la baridi linalokuzidi umri."

Watu wakacheka, hata Shauna mwenyewe. Bi Ottilia hakucheka. Alikuwa na miaka sabini na sita, amestaafu, ameketi pale kuwawakilisha walimu wa zamani, na aliyempendekeza ni mimi. Alikuwa amefundisha miaka arobaini na minne.

"Lifuteni," alisema, akinitazama mimi wala si Shauna, "na mtakuwa mmeniambia kwamba nilifundisha uongo maisha yangu yote. Marlys, hilo ndilo unaloamua."

Marlys ni mimi. Na mwalimu wangu wa kwanza alikuwa yeye.

Ee, ile shule! Chumba kimoja katikati ya ngano, maili saba kutoka Wishek, watoto kumi na mmoja wa madarasa manane. Wakati wa baridi aliteleka supu asubuhi juu ya jiko la makaa lililotupasha moto, na hesabu zote za kabla ya mchana tulizifanya huku tukinusa viazi na vitunguu. Mpaka leo nikiona namba zimepangwa ubaoni nasikia njaa.

Alifundisha kutoa kama mchezo wa kuigiza. "Hamsini na mbili toa kumi na saba. Huyu mbili anaweza kutoa saba?"

"Hawezi, Mwalimu!"

"Afanyeje?"

"Aende kwa jirani!"

Hapo tunagonga madawati, hodi hodi, na anayekaa kushoto anaitikia karibu. Jirani, yule tano wa makumi, anatoa kumi moja na kubaki nne, na mbili anakuwa kumi na mbili. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Nilimpenda sana yule mwanamke. Nilitaka nitembee kama yeye, nishike chaki kama yeye, hata kile kikohozi chake kidogo cha kabla ya kusema jambo nilikiiga, mpaka mama akataka kunipeleka kwa daktari.

Shida ilikuwa nyumbani. Kila masika baba aliazima mashine ya kupandia kwa jirani yetu, na aliirudisha imeoshwa, imetiwa mafuta, na trei ya mayai juu yake. "Cha mtu ni cha mtu," alikuwa akisema. "Ukikilaza kwako siku mbili, ya tatu unatafuta kisingizio." Kwetu asiyerudisha alisalimiwa kwa ncha za vidole kanisani. Basi mimi nikishamaliza kutoa, nikishapata thelathini na tano, nilimrudishia jirani kumi yake. Arobaini na tano.

Hesabu kumi, makosa kumi, yote kwa wino mwekundu, na chini yake: "Marlys, kuwa makini." Niliogopa kumweleza. Siku kadhaa nikawachungulia wenzangu, nikagundua hakuna hata mmoja anayerudisha. Nami nikaacha. Nikaanza kupata mia kwa mia, na kila kumi niliyoichukua niliona nimeiba. Nilikuwa na miaka saba, na nilipiga magoti kumwomba Mungu msamaha kwa ajili ya hesabu.

Hayo sikuyasema mle ukumbini. Ningemwaibisha mbele ya watu, na roho yangu haikunituma. Nilisema tu, "Lifutwe." Bi Ottilia akafunika kalamu yake, akaitia mkobani.

Tulikuwa tumekuja kwa gari moja, langu. Njiani alitazama alizeti dirishani, maili baada ya maili, na mimi nikijitia kushughulika na usukani. Tulipopita Hazelton ndipo aliposema.

"Umeniuza, Marlys. Tena umeniuza kwa mtoto wa juzi."

Basi nikamweleza. Mashine, mayai, arobaini na tano, magoti. Nilisema huku macho yangu yako barabarani, maana nilikuwa nalia na sikutaka aone. Nilitumaini atacheka. Ni kichekesho, ukikisikia.

Hakucheka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa na miaka saba, Mwalimu. Wewe ndiye uliyekuwa unajua kila kitu."

Tukapita Linton, tukashika barabara ya mashariki. Nilidhani amesinzia.

"Delbert Rott," alisema ghafla.

"Nani?"

"Alikuja baada yako. Kila hesabu yake ya kutoa ilizidi kwa kumi. Kila moja, Marlys! Si tisa, si kumi na moja. Na baba yake alikuwa mtu safi, hakuna kitu cha mtu kilicholala kwake. Nikadhani mtoto ananifanyia ukaidi. Nikamnyima mapumziko baridi nzima. Wenzake wako nje wanateleza kwenye barafu, yeye yuko ndani na mimi, anarudia zilezile." Akakohoa kile kikohozi chake. "Siku moja akaniambia, 'Mwalimu, mimi ni mjinga tu, niache.' Nami nikamwacha. Alipomaliza darasa la nane hakuendelea."

Vile viwango vimepitiwa upya mara mbili tangu siku ile, na Bi Ottilia tulimzika mwaka 2011, na bado namfikiria yule mtoto aliyebaki ndani.

"Yuko hai?" niliuliza.

"Ana gereji pale Linton. Miaka ishirini ananitengenezea gari. Nikiingia tu, anavua kofia."

Linton ilikuwa maili kumi nyuma yetu.

"Geuza gari," alisema.

"Mwalimu, saa kumi na mbili hii. Atakuwa amefunga."

"Najua anapokaa. Geuza."

Nikapunguza mwendo, nikageuza. Bi Ottilia akashusha kile kioo kidogo cha kujitazamia kilicho juu mbele yake, akatoa kitana, akaanza kuchana nywele, akaweka njia kichwani, akaivuruga, akaiweka upya.