Kikojozi wa Chumba cha Pili

Mwoka mikate aliingia chumba cha mtoto kufungua dirisha, akakuta kitanda kimelowa. Aligusa shuka, akanusa vidole, akamwita mumewe, kinyozi, aliyekuwa anapiga mswaki.

"Amekojoa."

Kinyozi alichungulia. Kitanda hicho hakikuwahi kulaliwa na mtu. Binti waliyeomba kumwasili awe mtoto wao alikuwa bado nchi nyingine, kwenye makao ya watoto, mbali kwa ndege.

"Atakuwa alikunywa maji mengi jana," alisema, akaenda kusukutua.

Walipopiga simu makaoni, mlezi wa huko alifurahi. "Ndiyo maana huku anaamka mkavu! Mmenisaidia, maana sabuni ilikuwa imeniishia."

Tangu hapo mwoka mikate akawa anaanika godoro uani kila alfajiri kabla ya kwenda kuwasha tanuri. Majirani walizoea.

"Kikojozi wako hajambo?" jirani aliuliza juu ya ukuta.

"Hajambo. Leo kajitahidi, kalowesha upande mmoja tu."

Kilichokwama ni maombi. Walipokaribia kupewa kibali, sheria ilibadilika, maombi yote yakatakiwa kuanza upya. Wakaanza upya. Ikabadilika tena: kila nyumba ikaguliwe mara ya pili, na afisa mwingine.

"Kwa mwendo huu," kinyozi alisema, "binti atashuka kwenye ndege na mchumba wake."

Afisa ustawi wa jamii alikuja asubuhi, mama mpole mwenye viatu vinavyolia. Alikagua jiko, akatikisa madirisha, akauliza kama wana subira. Kisha akaketi kitandani kupima ulaini wa godoro. Aliposimama, sketi yake ilikuwa imelowa nyuma.

"Samahani sana, dada," mwoka mikate alisema. "Leo amechelewa kuamka."

"Watoto ndivyo walivyo." Afisa alipokea taulo, akajifuta. "Wangu pia alichelewa kuacha. Huyu naona ameshawazoea."

"Basi si umeona mwenyewe? Andika hivyo."

"Hilo ndilo siwezi, mpenzi. Utaratibu mpya unataka mtoto awazoee baada ya kibali, siyo kabla. Nikiandika, mtaonekana mmekiuka."

Akaandika kwamba chumba kina unyevu, paa litazamwe. Wakaita fundi, akaziba paa lisilovuja, na mwoka mikate akaendelea kufua.

Kisha asubuhi moja shuka ikawa kavu. Mwoka mikate aliipapasa pembe hadi pembe, akaketi, akalia kidogo, asijue analilia nini hasa. Juu ya mto palikuwa na jino dogo jeupe. Alipiga simu makaoni, akaeleza kwamba shuka imeamka kavu.

"Basi ameacha kabisa," mlezi alisema. "Na jino limeng'oka. Tumelitafuta mpaka uvunguni."

"Liko huku. Alilia?"

"Kidogo tu. Amekua huyu, viatu vyake vyote nimempa mwingine."

Mwoka mikate aliona ni vyema afisa ajue, akamfuata ofisini. Afisa alimpongeza kwa dhati, akamshika mkono, akamweleza kwamba mtoto aliyeanza kung'oa meno huhamia kundi jingine la umri. Kundi hilo lina utaratibu wake, nao bado unaandaliwa.

Aliporudi nyumbani alimkuta kinyozi amepiga magoti chumbani, misumari mdomoni, anaongeza urefu wa kitanda.

"Nishikie hapo," alisema. "Jana usiku miguu yake ilikuwa inaning'inia."