Makatibu Kumi na Wanne wa Chumba Kimoja

Haya nimeambiwa na mke wa kitindamimba wangu, Jumapili iliyopita, tukiwa tumekaa mkekani tunachambua maharage. Alinisimulia mara mbili, maana mara ya kwanza nilicheka mpaka nikapitwa na katikati.

Huyu mkwe wangu alikuwa na kibarua cha miezi mitatu kwenye ofisi inayoandikisha vyama. Si vyama vya siasa. Ni hivi ambavyo watu wanaungana kufanya jambo lao bila kutafuta faida. Wakubwa wa juu walitaka kujua mkoa mzima una vyama vingapi vya namna hiyo na ni vya aina gani, basi wakachukuliwa makarani watatu wazunguke kuhesabu. Ikatangazwa kwamba kazi ikiisha, mmoja kati ya watatu ataajiriwa moja kwa moja, wawili watashukuriwa. Na mwanangu wakati huo kiwanda kilikuwa kimemwambia akae nyumbani mpaka aitwe. Kwa hiyo mkwe wangu aliitaka ile ajira kama mtu aliyemezwa na maji anavyotaka pumzi.

Anasema hakujua kama binadamu wana vyama hivi vyote. Alikuta chama cha watu wenye pacha. Alikuta kwaya isiyo na kanisa wala msikiti, inaimba tu. Alikuta kikundi cha wapenda vitabu chenye kitabu kimoja, wanaazimana kwa zamu, na mwanachama wa tisa analalamika kila siku kwamba wenzake wanamsimulia mwisho. Muuza duka mmoja alimsimamisha njiani:

"Dada, unaandika wasiotafuta faida?"

"Ndiyo, kaka."

"Basi niandike na mimi. Mwaka wa sita huu sijaiona."

Mkuu wa ofisi makarani walimwita Bwana Safu, kwa sababu maisha yake yote yalikuwa ndani ya safu za fomu. Fomu ilikuwa na safu ya jina la chama, safu ya aina, ambayo aina zenyewe ni nane na unaweka alama kwenye moja tu, na safu ya katibu. Fomu yenye kosa inarudishwa. Karani ambaye fomu zake zimerudi mara mbili, Bwana Safu alisema, asijisumbue kuja kesho yake. Mmoja wa wale watatu aliondoka hivyo hivyo mwezi wa pili.

Zikiwa zimebaki siku tatu, mkwe wangu akafika kwenye nyumba moja nyuma ya fundi viatu. Ukutani palikuwa na vibao vya vyama kumi na vinne, kimoja juu ya kingine, kuanzia kizingitini mpaka kwenye bati. Mlango ulikuwa mmoja. Na ndani kilikuwa chumba kimoja, meza moja, na mzee mmoja mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Watu wa pale walimwita Katibu tu. Zamani alikuwa akipanga barua posta, na alipostaafu alitengeneza kabati la matundu kumi na manne kwa mbao za masanduku, kila chama na tundu lake, kila tundu na mhuri wake.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuviandika hivi vyama vya nje."

"Marahaba. Umekuja kwa kipi?"

"Vyote."

"Vyote haiwezekani, binti. Saa hii ni ya Wajane." Akamwonyesha ratiba ukutani. "Uliza ya Wajane."

Akauliza ya Wajane, akajibiwa vizuri: wapo ishirini na mmoja, wanasaidiana kulima. Akageuza fomu.

"Na hawa Wachimba Makaburi wa Kujitolea, katibu wao ni nani?"

"Anaingia saa nane."

"Anaitwa nani?"

"Ni mimi."

"Sasa si unijibu tu, mzee wangu?"

"Sasa hivi sipo."

Mkwe wangu anasema alimtazama usoni aone kama anataniwa. Hakuwa akitaniwa. Fundi viatu, aliyekuwa akisikiliza dirishani na misumari mdomoni, ndiye aliyemweleza. Miaka ya nyuma Katibu alikuwa akishughulikia vyama vyote kwa pamoja, mpaka siku alipochanganya bahasha. Mama mmoja aliyejifungua juzi, wa kile Chama cha Mama Wachanga, akaletewa taarifa: Zamu yako imefika, fika Jumamosi asubuhi na sepetu. Na wachimba makaburi, midume saba, wakaandikiwa waje na nepi safi, mtaalamu atawafundisha kunyonyesha.

"Na walikuja?" mkwe wangu akauliza.

"Walikuja! Wale wakiitwa wanakuja. Walikaa mpaka mwisho." Fundi akatema msumari. "Tangu hapo mzee haingizi chama kwenye saa ya chama kingine hata nyumba iwake moto."

Basi mkwe wangu akakaa. Alikaa Jumatano ile kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, na kila nusu saa ikitimia Katibu anasimama, anarudisha mhuri tunduni, anatoka nje, anapiga hodi mwenyewe, anaingia, anamwamkia upya. Mara tano mkwe wangu aliitikia, "Karibu." Lakini alipoondoka alikuwa na fomu kumi na nne zilizojazwa, na wanachama alikuwa amewaona kwa macho yake: wafuga nyuki, wasindikiza wagonjwa, wachangia damu, wazee wa mpira waliozidi miaka hamsini, wote wanaingia na kutoka kwa saa zao.

Alhamisi asubuhi akampelekea Bwana Safu. Bwana Safu alishuka na kidole safu ya katibu, akafika chini, akapanda tena.

"Huyu mtu mmoja mara kumi na nne?"

"Ndiyo, mkuu."

"Basi ni chama kimoja. Andika kimoja."

"Si kimoja, mkuu. Nimewaona."

"Andika kimoja, au niletee makatibu kumi na wanne kesho kabla ya saa sita. Zinarudi hizi. Unajua zikirudi mara ya pili."

Alikaa kwenye ngazi ya ofisi akatoa kalamu. Alikuwa tayari, hakunificha, kuandika kimoja. Nani angejua? Akaandika jina la nyumba, akafika safu ya aina. Alama ni moja tu. Sasa wajane, nyuki, damu na makaburi ni aina gani? Afya? Elimu? Aliweka kalamu kwenye "mazingira", akaitoa. Kimoja nacho kikakataa kuandikika. Karani mwenzake, kijana aliyepiga pasi mpaka kola, akapita akacheka.

"Shemeji, wewe unazunguka kweli? Mimi mia na arobaini nimezijazia nyumbani chini ya feni. Hakuna hata moja iliyorudi."

Ikabidi arudi kwa mzee. Alimkuta kwenye saa ya Wasindikiza Wagonjwa.

"Baba yangu, nakuomba uwaachie wengine vyama kumi na vitatu. Ubaki na kimoja."

Katibu akavua miwani. "Hilo kila chama kinaamua kwenye kikao chake, kwa saa yake. Vyama vingine vinakutana Jumanne. Wiki mbili, binti."

"Kesho saa sita nafukuzwa."

"Ratiba ni ratiba."

Mkwe wangu akatoka uani. Ndipo akatazama ukuta wa nje. Ratiba ilikuwa ndani. Akarudi mlangoni.

"Baba, huku uani ni saa ya chama gani?"

Mzee akafikiri sana. "Uani hapana ratiba."

"Basi tukutane uani."

Mfanyakazi wa posta ukimwonyesha kwamba kanuni haimkatazi, amekwisha. Fundi viatu akapiga mluzi wa vidole viwili uliosikika mpaka sokoni, na kufikia saa kumi uani palikuwa pamejaa. Ikawa mara ya kwanza vyama vyote kukutana, na watu wakaanza kushangaana.

"Mume wangu, na wewe upo kwenye nyuki?"

"Kwani wewe ulidhani Jumatano naendaga wapi?"

"Siulizi tena!"

Mkwe wangu akapanda kwenye benchi akawaeleza: kila chama kichague katibu wake sasa hivi, mtu mmoja chama kimoja. Kila mtu akawa anaangalia ndala zake. Mmoja akasema anaumwa macho. Mwingine akasema mkewe hampendi akiandika. Wachimba makaburi wakamtaja mkubwa wao, mtu mpole mwenye mikono kama majembe, naye akasema hajui kusoma.

"Unajua kuweka sahihi?" mkwe wangu akamuuliza.

"Najua kuchora kaburi."

"Inatosha."

Mzee Katibu, huku ameinama, akaingia chumbani, akarudi na mhuri wa makaburi ndani ya leso, akamkabidhi. Lile jitu likaugeuzageuza, likaupulizia pumzi, likajigonga mkononi pwaa. Halafu likatabasamu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika vizuri. Watu walipoona mhuri unakwenda mkononi mwa mtu, kila mmoja akautaka. Aliyekuwa anaumwa macho akapona. Wajane ikabidi wapige kura mara tatu, na aliyeshindwa akatishia kuanzisha chama cha kumi na tano. Mzee akawa anagawa mihuri, mmoja mmoja, na kila ukitoka anasema, "Usiuache juani." Mwisho ukabaki wa Wasindikiza Wagonjwa, chama cha watu wanne wanaowashika mkono wanaotoka hospitali peke yao. Wale wanne wakamzunguka. Bibi mmoja kati yao akasema, "Huu hatuuchukui, Katibu. Wewe ni wetu." Mzee akaweka sahihi yake mwenyewe, mara moja tu.

Ijumaa mkwe wangu alifika ofisini saa tatu na fomu zake. Bwana Safu hakuwa amemaliza kuzisoma pale sauti zilipoanza kwenye korido. Walikuwa makatibu wapya, kumi na watatu, wamevaa nguo za kutokea, kila mtu na mhuri wake. Hakuna aliyewaita.

"Tumekuja kuhakikisha majina," akasema wa Wajane.

"Majina yapo, mama."

"Nionyeshe langu. Na hiyo aina mliyotuweka siyo. Sisi si kilimo, sisi ni elimu, tunafundishana."

"Nyuki nao ni mifugo, mzee?" akauliza wa nyuki, akiegemea meza.

Mchimba makaburi alisimama tu mlangoni, mlango ukaisha. Bwana Safu alijibu mpaka saa tano, jasho linamchuruzika kwenye safu. Mwisho akamgeukia yule kijana wa pasi.

"Na wako mia na arobaini, mbona hakuna hata mmoja aliyekuja kuulizia jina lake?"

Kijana akasema labda wana kazi.

"Kaniletee watatu tu, kabla ya saa sita."

Kijana akatoka, na mpaka leo hajaonekana na watatu wala mmoja. Bwana Safu akachomoa barua ya ajira, akaandika jina la mkwe wangu, akampa kabla wino haujakauka. "Hawa wawe wako," akasema. "Watoe hapa."

Mkwe wangu alimpigia mwanangu simu, wakapiga kelele wote wawili. Kisha kabla ya kurudi nyumbani akapitia nyuma ya fundi viatu. Chumbani makatibu wapya walikuwa wamekwishafika, wanagombania ratiba. Mzee alikuwa uani kwenye benchi, kofia kapakata.

"Nimeipata, baba! Nikusomee?"

"Soma. Leo sina saa ya mtu."

Akasoma jina lake, tarehe, kumbukumbu namba. Mzee akasema kumbukumbu namba imeandikwa vizuri. Akasoma masharti ya likizo. Alipofika kwenye kifungu cha muda wa majaribio akainua macho. Kidevu cha mzee kilikuwa kifuani, miwani imening'inia kwenye uzi wake, anakoroma polepole.