Muamala Uliorudishwa

Mimi Justa nauza vitenge hapa Mkolani. Mwezi uliopita kijana mmoja alinijia na shikamoo ya heshima, nami nikamwitikia marahaba kwa moyo wote. Alichukua vitenge viwili, akalipa kwa simu, na pesa nikaziona zimeingia. Alipovuka ziwa kwenda Sengerema, akawapigia watu wa huduma kwa wateja akadai alikosea namba. Wakamrudishia. Nilipolalamika, dada wa huduma akaniambia, "Pole kwa usumbufu, mama." Usumbufu! Mtu kaibiwa, unamwambia kasumbuliwa?

Jana akaja binti mwenye macho mekundu. "Shikamoo mama. Nawahi mazishi ya bibi yangu huko Kisesa." Akachagua kitenge, akalipa kwa simu. Nikamwambia akae kwenye benchi mpaka niamini hiyo pesa hairudi. Akakaa bila kununa, hadi akapigiwa simu kwamba Kisesa wameshazika. Alipoondoka na kitenge chake, ndipo nilipogundua kwamba hata salamu yake sikuiitikia.

Yule kijana, vitenge abaki navyo. Anirudishie marahaba yangu.